Kwenye Mfupa Hayumo

Taa ya kalsiamu ilikuwa ya kijani, na hicho ndicho kilichomchosha Ambakisye kuliko kitu chochote. Ingekuwa nyekundu angejua pa kuanzia. Mtu anaumwa, unampima, unakuta kweli anaumwa, basi unapumua na kutafuta dawa. Lakini hapa watoto wa Chini miguu inapinda, nesi kashasema mifupa inakosa kalsiamu, na taa yenyewe inawaka kijani tu, inakutazama kama mtu anayekuuliza kwani shida yako nini.

Amba, kama wote walivyomwita, alikuwa mlishaji wa Mamalishe. Ukiitaja kazi hiyo inaonekana kubwa, kumbe ni kuponda mawe, kubeba mawe, kumwaga mawe. Mpishi alikuwa Mamalishe mwenyewe: mashine kubwa kama nyumba ya vyumba vitatu, imekaa katikati ya handaki, mabomba yanaingia na kutoka, na mbele kuna dirisha dogo ambako watu hupanga foleni na bakuli zao. Unampa mwamba, anautafuna, anautenganisha hadi chembe ya mwisho, kila elementi anaitia kwenye mtungi wake. Akishamaliza kutenganisha anaanza kuchanganya upya, hiki kidogo na hiki kidogo, na hewa, na ule ute wa kijani unaooteshwa kwenye mapipa ya nyuma, unatoka uji. Hakuna aliyeupenda uji ule. Lakini tangu watu walipofunga milango ya Juu na kuliachia jua liendelee na mambo yake, hakuna aliyelala njaa.

Amba akainama, akapita chini ya bomba la mvuke, akaingia tumboni. Ndivyo walivyokiita chumba cha mitungi. Mitungi ilisimama kwa mpangilio wa lile jedwali la elementi la shuleni, lile ambalo kila mtu alilikariri akalisahau, ila hili unaweza kulipapasa. Mlalo wa juu kabisa una mitungi miwili tu, mmoja kushoto kabisa na mwingine kulia kabisa, katikati hamna kitu. Milalo ya chini ndiyo inayojaa. Ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia, kila mtungi umemzidi jirani yake chembe moja kwenye kiini, haurukwi hata mmoja. Na ukiendelea kutembea, tabia zinajirudia. Ni kama siku za wiki. Unaondoka Ijumaa, unazipita nyingine zote, mwisho unaikuta tena Ijumaa. Si ile uliyoiacha, lakini watu wamevaa vilevile na misikiti imejaa vilevile. Kwa hiyo wanaofanana tabia wanasimama wima, mmoja chini ya mwenzake. Watu wa vitabu wanaita safu. Marehemu Bibi Mbonile, aliyemfundisha Mamalishe kuongea na kufikiri, aliita ukoo.

Amba akafungua mtungi wa kalsiamu, akaingiza mkono. Ukagonga chini. Mtupu.

Akamwambia Mamalishe kwamba mtungi hauna kitu. Mamalishe akajibu kwamba anajua, halafu akamuuliza kama amekula, maana Bibi Mbonile alimfundisha kutoanza mazungumzo na mtu kabla ya kujua kama amekula. Amba akasema amekula. Akauliza sasa taa inawakaje kijani. Mamalishe akaeleza bila haraka kwamba taa ile haiangalii mtungi, inaangalia watoto. Ikiwa kijani, maana yake kila mtoto kapata mama.

"Mama alipoondoka," mashine ikasema, "nikamwita mkubwa wake."

Ilimchukua Amba muda. Akashusha macho kwenye mtungi uliokuwa chini ya ule wa kalsiamu, safu ileile. Strontiamu. Ulikuwa umejaa unga mweupe mpaka mdomoni.

Akakumbuka. Handaki la chokaa liliporomoka mwaka jana, likaondoka na watu wa zamu nzima, na mmoja wao alikuwa Sekela, mke wake. Chokaa ndiyo iliyokuwa inaleta kalsiamu. Taa ikawaka nyekundu siku nyingi. Kisha Mamalishe akaagiza mawe ya samawati kutoka mshipa wa mashariki, watu wakaleta, taa ikarudi kijani. Amba wakati huo alikuwa msibani. Mtu wa msiba akiona taa imerudi kijani haulizi imerudije. Anasema asante, anajifunika shuka.

Na nyumbani kwake nako mambo yalikwenda hivyohivyo. Mtoto wao, Tusajigwe, alikuwa bado ananyonya. Atupele, dada mkubwa wa Sekela, alikuja na godoro lake na sufuria yake, hakuuliza wala hakuulizwa, akamchukua mtoto. Sasa Tusa anamwita mama. Tusa ana umri wa kukimbia, na hata kusimama hajasimama.

"Strontiamu ni mama mkubwa," Mamalishe aliendelea, kwa ile sauti ya mtu anayesukuma bakuli mbele ya mteja. "Ukoo mmoja. Kalsiamu ana mikono miwili ya nje ya kushikana na wenzake, na mkubwa wake ana miwili. Nikampeleka kwenye mfupa, mfupa ukampokea. Haukuuliza. Nikasema, kama mfupa wenyewe haukuuliza, mimi ni nani?"

Amba akageuza ndoo, akaikalia.

Ubaya ni kwamba mashine haikuwa imeharibika. Ilikuwa inafanya kile ilichofundishwa. Bibi Mbonile angeweza kuipa namba na mizani, lakini yeye aliifundisha kama anavyomfundisha mjukuu: aliyekuzaa ni mama, dada yake mkubwa ni mama mkubwa, dada yake mdogo ni mama mdogo, wote ni mama, mmoja asipokuwepo hulali njaa. Na mafundisho hayo yaliwaokoa. Klorini ya kusafishia maji ilipokwisha, Mamalishe alishuka kwenye safu, akamwita bromini, ndugu yake wa chini, na maji yakaendelea kuwa salama. Kuhara kulikuwa kumeshaanza kuchukua watu, kukakoma. Watu waliimba dirishani siku ile. Sasa utamwambiaje mtu yuleyule kwamba ukoo hautoshi?

Lakini kwenye mfupa hautoshi. Nesi Subilaga aliwahi kumweleza juu ya ukoo huu, kabla mtu hajajua kwamba umeingia kwenye uji: chembe ya strontiamu ni kubwa kuliko ya kalsiamu, ni sawa na kujenga ukuta kwa tofali za kalibu mbili, kubwa na ndogo. Ukuta unapanda vizuri tu mpaka siku utakapoubebesha mzigo. Watu wazima walishajengwa zamani, wanazibwa nyufa tu, hawaoni kitu. Watoto ndio wanaojengwa sasa hivi.

"Mama mkubwa si mama," Amba akasema.

Mamalishe akauliza nani kasema. Amba akajibu ni yeye. Basi vizuri, mashine ikasema, kama ni hivyo anamtoa na bromini kwenye maji, kwa sababu bromini naye ni ndugu tu, si mwenyewe. Bomba moja likaanza kukoroma. Amba aliinuka mbio, akasema hapana, huyo amwache. Kwa nini amwache? Kwa sababu yule hana neno. Na huyu ana neno gani? Amba akajaribu kusema isipokuwa, Mamalishe akamuuliza isipokuwa nani, na kwa nini huyo na si mwingine, na kesho itakuwaje akikutana na mwingine tena. Amba alikuwa hajapumzika zamu mbili. Akageukia mitungi.

Hapo akasikia kijiko kinagonga dirisha. Kumbe sauti ya Mamalishe ilikuwa inatoka nje muda wote, foleni nzima inasikiliza. Mbele kasimama Atupele, Tusa mgongoni, bakuli mkononi.

Atupele hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Mwambie hivi, shemeji," akasema, anamwangalia Amba, mashine hakuiangalia. "Mama mkubwa anabeba. Anaosha. Anaimba mpaka mtoto alale. Kwenye mfupa hayumo."



"Nimeelewa," Mamalishe akasema. "Wa kuosha na kupita, ndugu yeyote wa ukoo. Wa kukaa mfupani, mwenyewe." Bomba likaacha kukoroma. Mtungi wa strontiamu ukajifunga kifuniko, na taa ya kalsiamu ikawa nyekundu. "Sasa, mwenyewe yuko wapi?"

Atupele akasukuma bakuli lake, likajazwa, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaondoka.

*

Chini nzima ilikuwa na chokaa mahali pamoja tu, na kila mtu alipajua, na kila mtu alisubiri mwingine apataje.

Waliokufa Chini walilazwa kwenye vyumba vidogo vilivyochimbwa ukutani, mdomo ukajengwa kwa mawe, kisha ndugu mmoja akapaka chokaa juu yake. Walipaita Chumba Cheupe. Kila kitu kingine Chini ni cheusi au kijivu, hata nguo mpya zinatoka na ukijivu wake, kwa hiyo ukiingia pale macho yanakuuma. Chokaa ya mtu ikiwa nene, unajua alipendwa. Na ambaye hakupakwa, watu wanasema aliachwa, kama wale waliounguzwa na jua huko Juu bila mtu wa kurudi kuwachukua.

Mkutano ulikaa kwenye ukumbi wa mapipa. Jamaa mmoja akasema kumbe sasa tunaombwa kulamba makaburi, akisubiri watu wacheke, hawakucheka, hata yeye hakucheka. Wengi walinung'unika kwamba nesi angoje kwanza. Nesi Subilaga alisimama akasema mtoto ambaye bado anakua, akipata kalsiamu yenyewe sasa, miguu mingi itajinyoosha. Wakisubiri, itakauka hivyohivyo ilivyo. Aliyasema huku anaangalia sakafu. Pacha wake wawili ndio waliokuwa wamezidiwa kuliko watoto wote, na kila mtu alijua. Kila mtu alijua pia kwamba Subilaga ni wa mlango wa pili, wale waliofika Chini mwisho kabisa, wakati mlango wa kwanza umeshafungwa na watu wameshagawana. Wakati ule chokaa ilisemekana ni ya kubania, hivyo wafu wa mlango wa pili walifunikwa kokoto. Subilaga alimzika mumewe na mama yake kwenye kokoto. Hakuwa na kaburi la kutoa.

Ndipo mtu wa mlango wa kwanza akatoa pendekezo: kila ukoo ukwangue wafu wake kwa ajili ya watoto wake. Likasikika la haki kabisa. Mwingine akauliza na asiye nacho je. Aliyependekeza akaanza kujibu, akafika katikati ya sentensi, akaangalia mahali alipokaa Subilaga, akaketi.

Mkutano ukaisha kama mikutano ya Chini inavyoisha, watu walichoka kabla ya kukubaliana. Kilichopita ni kimoja tu: aliyempaka marehemu ndiye mwenye ruhusa ya kumkwangua, mwingine asiguse. Na lazima mtu aanze. Hakuna aliyemtaja Amba, ila wakati wa kutoka wote walimpisha kwanza, kama anavyopishwa mfiwa.

Kabla ya kwenda nyumbani alipita kwa Mamalishe kumuuliza chokaa ya kaburi moja inafika wapi. Mamalishe akamuuliza kwanza kama amekula. Kisha akasema: kwa mtoto mmoja, inatosha mpaka awe mtu mzima. Kwa watoto wote, msimu mmoja.

Amba akaondoka na jibu hilo.

*

Alimkuta Atupele anafua. Tusa alikuwa sakafuni, kashika ukingo wa beseni kwa mikono yote miwili, anajivuta. Magoti yake yalitazama nje kama ya mtu aliyepanda farasi. Alijiinua kidogo, akatetemeka, akakaa. Hakulia. Alishazoea.

Amba hakuzunguka. Alimwambia kila kitu, mkutano, kokoto, ruhusa. Atupele akaendelea kufua mpaka alipomaliza, akakamua nguo ya mwisho, akaianika, ndipo akageuka na kumwonyesha viganja. Vilikuwa na makovu ya rangi ya waridi, kuanzia ncha za vidole hadi kwenye kifundo. Chokaa mbichi inaunguza. Wengine hupaka kwa mwiko au kwa tambara. Yeye alipaka kwa mikono, kikapu cha mwisho kabisa kilichotoka kwenye handaki lile kabla halijaporomoka.

"Umenisikia nilivyosema pale dirishani," akasema. "Nimejitoa kwenye mifupa ya huyu mtoto mbele ya foleni nzima. Sawa. Ni kweli, na kweli haina aibu. Sasa unataka nimvue na mdogo wangu."

Amba akasema ndiyo. Hakuwa na namna nyingine ya kulisema.

Wakakaa. Tusa alijaribu tena beseni, likamwendea, akashika mguu wa baba yake badala yake. Atupele akamwangalia. Akasema Sekela akiwa mdogo alikuwa mkaidi hivyohivyo, ukimnyima kitu anakitafuta upande wa pili. Akasema labda hata huko aliko angemshangaa dada mtu, mzima na akili zake, anakaa anaringia ukuta. Halafu akatabasamu kidogo, akasema ila Amba asije akamwambia Mamalishe kwamba huyo ni mdogo wake, maana ataambiwa ni mama mdogo, atamtia kwenye mtungi wa magnesiamu. Amba akacheka. Ilimtoka vibaya, kama kikohozi, lakini ilikuwa kicheko.

"Itaingia kwa Tusa?" Atupele akauliza.

Hilo ndilo swali alilokuwa analiogopa tangu atoke kwa Mamalishe.

Alimweleza kwamba pembeni ya mitungi mikubwa kuna kimtungi kidogo, cha dawa ya mgonjwa mmoja. Ukitia kitu humo, kinakwenda kwenye bakuli moja tu. Inawezekana.

"Sikuulizi kama inawezekana. Mimi nitamkwangua mdogo wangu kwa ajili ya mwanawe. Kwa ajili ya mwanawe, umenielewa? Siwezi kumvua nguo halafu nikaigawa sokoni. Niahidi."

"Nimeahidi," Amba akasema.

Na alikuwa na maana hiyo kabisa. Aliangalia yale magoti, akaona hakuna mtu Chini, wa mlango wa kwanza wala wa pili, ambaye angekuwa kwenye nafasi yake akasema vingine.

*

Atupele hakumruhusu aguse patasi. Amba alishika ndoo tu, chini ya mkono wake, chokaa ikidondoka ndani vipande vipande. Atupele alianzia juu, akashuka. Mahali pengine chokaa ilikuwa imeshika alama za vidole, mistari minne inayokwenda pamoja, vidole vyake mwenyewe. Alipofika hapo alisimama, akaweka mkono wake juu ya alama, ukaenea sawasawa. Akasema kitu kwa Kinyakyusa, taratibu, kitu cha dada na mdogo wake. Amba akaangalia pembeni. Kisha patasi ikaendelea.

Chini ya chokaa kulikuwa na mawe tu. Kitu kingine hakikuonekana. Lakini kati ya makaburi yote yale meupe, hilo moja sasa lilikuwa jeusi, na ukiingia mlangoni ndilo jicho linaloliona kwanza.

Ndoo zikajaa mbili.

Kurudi ilibidi wapite kwenye foleni ya asubuhi, njia nyingine hakuna. Amba alitembea kainamisha kichwa. Watu walijua kilichomo, wakajibana ukutani. Mbele kidogo alikuwepo Subilaga na pacha wake. Walikuwa wamekaa chini, na foleni inaposogea walisogea kwa makalio, wanajisukuma kwa mikono, wanashindana nani atamfikia mama yao kwanza. Miguu waliinyoosha mbele, ikaziba njia. Subilaga alipomwona Amba hakumsalimia wala hakuangalia ndoo. Aliinama, akaikusanya miguu ya wanawe, huyu na huyu, akaivuta pembeni.

"Pita, Baba Tusa," akasema. "Usije ukamwaga."

Amba akapita.

Tumboni mwa Mamalishe kila kitu kilikuwa tayari. Kile kimtungi cha pembeni alikuwa amekisafisha mwenyewe tangu jana, kifuniko kiko wazi. Kupitia dirisha alimwona Atupele anakuja kusimama upande wa pili, Tusa mgongoni, vumbi jeupe kwenye nyusi. Akachota kiganja kimoja cha chokaa, akakitia kwenye mdomo wa kuonjea.

Mamalishe alionja muda mrefu kuliko kawaida.

"Huyu ni mwenyewe," akasema. Kama mashine inaweza kufurahi, ilifurahi. "Karibu mwenyewe. Naona umefungua kimtungi cha pembeni. Nimweke humo?"

Amba akainua ndoo ya kwanza.

"Mwanangu. Ni mama wa nani?"

Alikuwa na jibu. Alitembea nalo kutoka Chumba Cheupe mpaka pale, lilikuwa jina moja, silabi mbili. Alifungua mdomo kulitoa, na badala yake akaiona ile mikono inavyokusanya miguu ya watoto kama kuni, bila kulaumu, bila kuomba, ili yeye apite. Laiti angeomba. Angeomba angemkatalia, angekuwa na sababu.

"Wa wote," akasema. "Mtie kwenye mtungi mkubwa."

"Kwa wote ni msimu mmoja tu."

"Najua."

"Na baada ya msimu?"

"Sijui, Mamalishe. Wewe pika."

Alimimina ndoo ya kwanza. Alimimina ya pili. Aliipiga kitako ili hata vumbi lishuke, kisha akainua macho, na dirishani Atupele hakuwepo.

Alimkuta kwenye mlango wa pembeni. Alikuwa anafungua kanga. Hakuwa amelia na hakuwa amekasirika kwa namna ambayo mtu angeiona. Uso wake ulikuwa umechoka tu, kama uso wa mtu yeyote wa Chini anayemaliza zamu. Akamshusha Tusa, akamweka mikononi mwa Amba, na kanga juu yake.

"Kama ni wa wote," akasema, "leo mbebe wewe."

Amba akaanza kusema shemeji.

"Mimi naenda kuchanganya udongo. Siwezi kumwacha wazi vile. Nitampaka hata matope."

Akaondoka kwa kufuata ukuta, kinyume na foleni, na waliomwona anakuja walimpisha.

Amba alihangaika na kanga. Hakuwahi kumfunga mtoto mgongoni, siku zote kulikuwa na mtu wa kufanya hivyo. Alifunga fundo, likaachia, akafunga tena, Tusa akaning'inia upande mmoja na kumshika masikio. Alikuwa mzito kuliko alivyofikiri. Akaenda kusimama mwisho wa foleni na bakuli lake, kama wengine. Ndani mabomba yalishaanza kunguruma, na mbele kabisa mtu alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba taa imekuwa kijani.

"Mama?" Tusa akauliza.

Amba akamwambia anakuja. Hakuwa na uhakika. Akaendelea kutazama ule ukuta ambako Atupele alipotelea, mpaka mtu wa nyuma yake akamgusa begani.

"Sogea, Baba Tusa."

Akasogea.